Vitonge Vilivyotoa Machozi

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Sijapiga chuku hata kidogo, na chumvi pekee iliyomo humu ni ile iliyotiwa kwa ncha za vidole na mama mmoja muuza peremende. Atakayegundua uongo humu, hata uwe mdogo kama punje ya ufuta, aniletee beseni zima la tende, nami nitaketi nizitoe kokwa moja moja mpaka mgongo uniume. Nimekula kiapo. Sasa tuendelee.

Alikuwepo msichana wa darasa la sita ambaye jina lake la kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa limesahaulika. Nyumbani, shuleni na hata dukani aliitwa Vijiko, kwa sababu ya vijiko vya sukari alivyotia kwenye chai. Kila asubuhi alifagia ua, akakunja shuka zake, akachemsha chai, kisha akaketi na kopo la sukari kama mtu anayeanza kazi ya ujenzi. Alichota, akamimina, akakoroga, akachota tena. Alipomaliza, kijiko kilisimama wima katikati ya kikombe bila kushikwa. Nzi waliopita juu ya kikombe kile walisahau walikokuwa wakienda.

Aliishi na mama yake na babu yake, baba mzaa mama. Babu alikuwa fundi saa mstaafu, mzee mtanashati, mwenye akili nyingi na meno yake yote isipokuwa moja la mbele. Mwenyewe alisema jino hilo lilivunjika siku alipomng'ata mwizi wa saa akiwa anakimbia. Mama alisema liling'olewa kwa sababu ya peremende.

Mama alijua habari za peremende, maana ndiyo iliyokuwa biashara yake. Alikuwa na meza ndogo ya mbao kwenye lango la shule, chini ya kivuli cha paa la stoo. Juu yake alipanga peremende, biskuti za krimu na vifuko vya maji ya rangi yaliyogandishwa. Meza ile ndiyo iliyomshonea Vijiko sare, ikamnunulia Babu dawa ya goti, ikaweka chakula kwenye sufuria kila jioni.

Jumatatu moja Nesi wa shule alimaliza kupita madarasani na tochi yake ndogo. Alikuwa amemulika vinywa vya wanafunzi wote, na alichokiona kilimkosesha raha. Mchana huohuo akamwita Mama ofisini kwake. Vijiko alikuwa amebeba kapu la mama yake, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Dada, sina ugomvi na wewe," Nesi alisema. "Lakini vinywa vya watoto hawa vimejaa mashimo. Mwalimu Mkuu ameshaamua. Vitu vya sukari havitauzwa tena langoni."

"Na mimi je?"

"Niletee kitu kingine. Kisiwe na sukari ya kutia, kisiwe na rangi ya dukani. Ijumaa, wakati wa mapumziko, nitakionja pamoja na darasa la sita. Wakikimaliza bila kulazimishwa, meza yako inabaki palepale."

"Wasipokimaliza?"

Nesi alifunga kasha lake la dawa polepole. "Nafasi ile atapewa mwingine. Sipendi kulisema, dada, lakini ndivyo ilivyo."

Mama alitangulia njiani. Walipopita sokoni alisimama ghafla mbele ya mwanamke aliyekuwa akiuza tende, akazitazama kwa muda mrefu kana kwamba zilikuwa zinamwambia jambo. Akanunua tende, mbegu za maboga, ufuta, nazi iliyokaushwa na mananasi mawili yaliyoiva mpaka harufu yake ikawatangulia nyumbani.

"Mama, kitu gani kitakuwa kitamu bila sukari?" Vijiko aliuliza.

"Subiri uone. Wala jiko hatuwashi."

Jioni ile Mama alizitoa tende kokwa, akazilowesha kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, akazitwanga kwenye kinu zikawa kama udongo wa mfinyanzi. Akachanganya na mbegu na ufuta, akafinyanga vitonge vichache vya kujaribu, akavigaragaza kwenye nazi. Vijiko alitia kimoja mdomoni. Akatafuna mara mbili, akameza.

"Sema kweli," Mama alisema.

"Ni kama kutafuna bahasha, Mama."

Babu alicheka mpaka goti likamuuma. Mama hakucheka. "Ulimi wako umelala usingizi," alisema. "Umeubembeleza kwa sukari kila siku, sasa kitu kingine kikiubishia hodi hausikii."

"Basi tuuamshe," Babu alisema. Akasimama, akaweka mkono kwenye kofia yake kama mtu aliye mbele ya hakimu. "Kuanzia sasa hadi Ijumaa, hakuna mtu wa nyumba hii atakayeonja sukari. Atakayevunja agano hili atatoa kokwa za tende peke yake muhula mzima. Naanza mimi kuapa."

Wakaapa wote watatu. Babu mwenyewe akalichukua kopo la sukari, akaliweka juu ya kabati na kulikandamiza kwa jiwe la kunolea visu, ili asije mtu akashawishika.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Vijiko. Chai ilikuwa chungu kama imechemshwa na mlango. Shuleni alisinzia, nyumbani alinuna. Babu naye aliteseka, maskini. Mara nyingi alionekana nyuma ya nyumba akiwa ameshika shavu kwa mkono, akisema kwamba fizi zinamlilia sukari.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomfanya Vijiko akimbie kila alipotoka shule. Mama alikuwa amekata mananasi vipande vyembamba, akavitandaza juu ya wavu wa waya, akaupandisha kwenye paa la banda na kuvifunika kwa chandarua kilichofuliwa. Jumatatu kila kipande kilikuwa kipana kama kiganja na kilidondosha maji. Jumanne vilianza kujikunja pembeni. Jumatano vilikuwa vimesinyaa, rangi ikakolea. Alhamisi, Vijiko alipopanda ngazi na kuinua chandarua, alikuta vipande vidogo kama masikio ya paka.

Alichukua kimoja akakiinua kuelekea juani. Mwanga ulipita ndani yake. Aliona nyuzi nyembamba, moja moja, zikitoka katikati kwenda ukingoni, zote zikiwa na rangi ya moto. Alisimama pale kwenye ngazi mpaka mkono ukafa ganzi.

"Mama," aliita. "Lile lingine limekwenda wapi?"

"Lipi?"

"Nanasi. Lilikuwa kubwa."

"Maji ndiyo yamekwenda zake," Mama alijibu kutoka chini. "Kilichobaki ndicho nanasi lenyewe."

Vijiko alitazama jua. Lilikuwa juu ya kichwa chake tangu azaliwe, naye hakulijua kwa kazi nyingine zaidi ya kukausha nguo na kuunguza visigino. Kumbe siku zote hizi lilikuwa linaweza kufanya jambo hili, bila kelele na bila kuni. Alishuka ngazi taratibu, kama mtu anayetoka mahali pa ibada.

Ungedhani baada ya hapo angeamini. Lakini mapema siku hiyo, darasani, kulikuwa na Redio. Redio alikuwa mvulana mrefu aliyekaa dawati la mbele, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimika. Alitangaza habari za asubuhi, za mchana na za chooni.

"Kesho jamani tunalishwa chakula cha wagonjwa," alikuwa ametangaza. "Mama yake Vijiko amepika majani. Mimi natema. Na nikitema mimi, darasa zima linatema."

"Siyo majani," Vijiko alisema.

"Kuna sukari?"

"Hakuna."

"Basi ni majani."

Maneno hayo yalimrudia jioni, Mama alipokuwa amemaliza kuchanganya beseni zima la vitonge vya Ijumaa. Mama alikuwa na namna yake ya kupima. Alichota mchanganyiko, akaukamata ndani ya ngumi, akaubana, kisha akafungua mkono. Tonge likionyesha alama zote za vidole bila kupasuka wala kunata, alisema, "Limekubali." La jioni ile lilikubali mara ya kwanza.

"Viringa vyote, mwanangu," alisema. "Nakwenda kwa fundi cherehani kuazima sinia lake kubwa. Babu yako amelala."

Vijiko alibaki peke yake na beseni. Alilitazama. Aliwaza darasa zima likitema mbele ya Nesi, mmoja baada ya mwingine, na meza ya Mama ikibebwa kichwani kurudishwa nyumbani. Alitazama juu ya kabati. Akavuta kigoda.

Jiwe lilikuwa zito, kopo lilikuwa jepesi kuliko alivyolikumbuka. Alimimina nusu ya kilichokuwamo, akakanda haraka haraka, akalirudisha kopo na jiwe lake. Hata chembe moja hakuilamba. Alijiambia kwamba agano lilikuwa juu ya kuonja, naye hakuonja, kwa hiyo hakuvunja kitu. Alijiambia hivyo mara kadhaa, kwa sababu mara ya kwanza haikutosha.

Mama aliporudi alikuta vitonge vyote vimepangwa kwenye sahani. "Mkono wako mwepesi," alisema, akimpapasa kichwa. Vijiko alihisi mkono ule kama chuma cha pasi.

Walipovihamishia kwenye sinia kabla ya kulala, Mama alikunja uso. "Mbona vinang'aa?"

"Labda ni mafuta ya nazi," Vijiko alisema.

Mama akafunika.

Asubuhi ya Ijumaa, Vijiko aliamshwa na ukimya. Hakusikia ufagio wala maji. Alipoingia jikoni alimkuta Mama ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, sinia likiwa mbele yake. Vitonge havikuwepo tena. Vilikuwa vimelegea, vikaelemeana, vikawa bonge moja kubwa lililolala ndani ya dimbwi la maji mazito ya kahawia. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani, waendao upande huu na warudio upande ule, na katikati alisimama mmoja mnene akiongoza msafara. Nimesema sipigi chuku.

"Nilizilowesha tende kupita kiasi," Mama alisema, kama anaongea na sinia. "Ni kosa langu. Nilikuwa na haraka. Nitakwenda kumwambia Nesi kwamba nimeshindwa, basi." Akaanza kufungua fundo la aproni yake.

Vijiko alisimama mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Angekaa kimya tu, Mama angebeba kosa lile mwenyewe, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alitazama vidole vya Mama vikihangaika na fundo.

"Mama, siyo tende," alisema. "Ni mimi. Nilitia sukari."

Vidole vilisimama. "Kiasi gani?"

"Nusu ya kopo."

Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama tende siku ile sokoni. "Kwa nini?"

"Redio alisema watatema. Niliogopa watakunyang'anya nafasi yako." Machozi yalianza kumtoka. "Sikuonja, Mama. Nilitia tu."

"Ukiwa na hofu, niletee mimi," Mama alisema. "Usiitie kwenye beseni." Kisha akalifunga fundo upya. "Sukari inavuta maji. Ukiikalisha na kitu chenye unyevu, inayatoa yote nje. Umeviliza vitonge vyangu usiku kucha. Haya, nawa mikono. Tende zipo za kiasi, na mapumziko bado. Mwamshe babu yako."

Wakafanya kazi ambayo Vijiko hakupata kuiona tena mfano wake. Alitoa kokwa mpaka kucha zikamuuma, bila kuambiwa. Babu alileta koleo yake ndogo ya kunyanyulia vipuri vya saa, akachomoa kokwa kwa heshima, moja moja, kana kwamba kila tende ilikuwa na dhamana ya kiwandani. Mama alitwanga. Kwa kuwa tende zilikuwa chache kuliko za jana, alikatakata nanasi lote kavu akalitia. Mwishoni akakuna ganda la ndimu, kisha akachota chumvi kwa ncha za vidole viwili akainyunyiza.

Vijiko alikuwa akikanda. Pua ilimwasha, akajikuna kwa kigasha, na kwa mazoea ya miaka mingi akalamba kidole.

Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha kikaja kitu cha mbali, kama harufu ya nyumba ya jirani. Kikasogea. Kikawa tende, laini na nzito, na nyuma ya tende likaja nanasi, kali, lenye jua ndani yake, na nyuma ya nanasi kukawa na utamu mwingine mpana usio na jina, ambao haukukimbia kama wa peremende bali ulikaa ukamtazama. Vijiko aliacha kukanda. Masikio yalimsimama. Alihisi kama mtu aliyeishi chumba kimoja maisha yake yote, leo akakuta mlango nyuma ya pazia.

"Umetia nini, Mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Chumvi kidogo."

"Chumvi?"

"Ndiyo. Ulimi wako umeamka, mwanangu. Chumvi imeufungulia dirisha tu."

"Na hili lilikuwemo humu siku zote? Tangu Jumatatu?"

"Lilikuwemo hata kabla hujazaliwa," Mama alisema. Akachota tonge, akabana ngumi, akafungua. Alama za vidole vinne zilikuwa wazi kama muhuri. "Limekubali."

Wakati wa mapumziko sinia lilikuwa juu ya meza ya Nesi, darasa la sita limejipanga. Mama alisimama ukutani akiwa ameshika mikono yake mwenyewe. Babu alikuwa ameingia naye, kwapani amebeba kopo la bati lenye lile bonge la jana. Alisema anampelekea mlinzi wa shule awape kuku wake.

Redio alikuwa wa kwanza. Alitia kitonge kizima mdomoni, akakizungusha, akageukia wenzake akiwa tayari kutangaza. "Si niliwaambia? Hamna ki—"

"Hujatafuna," Vijiko alisema. "Umekipitisha tu. Tafuna polepole, kama unatafuta chembe ya mchanga."

Redio alimkodolea macho. Akatafuna kwa dharau. Akatafuna tena, bila dharau. Halafu taya zikaenda polepole zaidi, macho yakahama kutoka kwa Vijiko yakaenda dirishani, yakabaki huko.

Hakusema kitu. Darasa lilingoja. Bado hakusema kitu.

"Redio imeisha betri," mtu mmoja alinong'ona, na hakuna aliyecheka, maana hawakuwa wamewahi kuuona muujiza ule. Wakalisogelea sinia. Chumba kikajaa sauti ya kutafuna taratibu, watoto wakitazamana kama watu walioambiwa siri wakiwa wote pamoja.

Nesi alikula chake nusu. Akakiweka kile kipande kwenye sahani. "Dada," alisema, "hiki kina sukari."

Mikono ya Mama ilianguka ubavuni. "Hakina."

"Mimi nimekula matunda makavu maisha yangu yote. Utamu huu si wa kawaida. Nani aliyeviviringa?"

Vijiko alitoka kwenye mstari. "Ni mimi," alisema. "Na jana nilitia sukari bila Mama kujua. Nusu kopo. Vikaharibika vyote, nikamwambia Mama leo asubuhi, tukaanza upya. Hivi havina. Hivi vina chumvi."

Minong'ono ilipita darasani. Nesi aliukunja uso, si kwa hasira bali kama mtu anayepima dawa. "Mwanangu, umesema kweli, na nimekusikia. Lakini nyumba iliyotia sukari jana, leo niiamini kwa kipi?"

Hapo Vijiko akakumbuka ndoo iliyogeuzwa, na dimbwi, na vitonge vilivyong'aa. "Kwa machozi," alisema. "Chenye sukari kinalia. Vya jana vilianza kung'aa kabla hatujalala. Chukua cha leo, na cha jana ukifinyange kiwe sawa na hiki. Uviweke pamoja juu ya karatasi. Tukitoka shule utaona."

"Cha jana kiko wapi?"

Macho yote yakamgeukia Babu. Babu alilifungua kopo bila haraka. Lile bonge lilikuwa limekaa ndani ya maji yake, lakini kona moja haikuwepo.

"Na hiki kipande kimekwenda wapi?" Nesi aliuliza.

Babu alikohoa. "Panya," alisema. "Nyumbani kwetu kuna panya mmoja mkubwa sana."

Nesi akafinyanga kitonge kutoka kwenye lile bonge, akakikausha vizuri kwa kitambaa, akakiweka kwenye karatasi nyeupe dirishani, kando ya kitonge cha leo. Kengele ikalia.

Masomo ya mchana ule Vijiko hakuyasikia. Mwalimu alimwita mara mbili, akajibu jina la mto kwenye swali la hesabu. Kengele ya mwisho ilipolia, darasa zima lilikimbilia dirisha la Nesi na kubanana nje ya vyuma, huku Mama akiwa ndani, amesimama palepale ukutani kana kwamba hakuondoka.

Kitonge cha jana kilikuwa kimebonyea, kimezungukwa na doa pana la maji lililoifanya karatasi ionyeshe mbao za chini yake. Kitonge cha leo kilikuwa kimekaa kama kilivyowekwa, mviringo wake mzima. Nesi alikiinua kwa vidole viwili. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe, kavu. Alikigeuza kwenye mwanga wa jua, na kipande kimoja cha nanasi kilichojitokeza ubavuni kikawaka.

Redio alikuwa bado hajasema neno tangu mapumziko.

"Tunda tu," Nesi alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Tunda na jua."

Kisha akamgeukia Mama. "Meza yako inabaki, dada. Lakini nawaambia wote, na nyinyi wa dirishani msikie. Tunda kavu nalo lina utamu mwingi, na linanata kwenye meno. Kitonge kimoja au viwili vinatosha, halafu sukutueni kwa maji safi. Kizuri nacho hakiliwi kwa beseni."

Mama alikaa kitini kwa mara ya kwanza siku ile. Alimwita Vijiko, akamshika mkono wenye kucha zilizochakaa.

"Nataka ukumbuke jambo moja," alisema. "Asubuhi ungenyamaza, tungekosa vitonge. Na hapa mbele ya Nesi ungenyamaza, tungekosa ushahidi, maana ushahidi wetu ulitoka kwenye kosa lako ulilolisema. Ukweli ulikuaibisha kidogo, kisha ukakutetea. Na kazi ukiifanya kwa uaminifu, huna haja ya kuitia kitu kwa siri. Iache, itajisemea."

Vijiko alitikisa kichwa kukubali. Jioni ile alikunywa chai yake bila kijiko, na akasema ina harufu ya maua. Jina lake, hata hivyo, halikubadilika.

Hadithi ingeishia hapo vizuri kabisa. Lakini Vijiko ana tabia ya kusoma karatasi za watu zikiwa bado hazijakauka wino. Jana alizichukua hizi kutoka mezani, akazisoma zote akiwa amesimama, akarudi kwenye ule ukurasa wa Nesi na kopo.

"Babu," alisema, "panya gani huyu?"

Nikamwambia ni panya tu, wa kawaida, ila mkubwa.

Vijiko akaziweka karatasi chini. Akaenda jikoni akaleta kopo, maana mlinzi alikuwa amelikataa. Lile bonge sasa limekauka likawa gumu, na pale kwenye kona iliyomeguka alama za meno zimebaki safi kama zimepigwa chapa. Akaweka kidole kwenye jino moja, akakivusha kwenye pengo, akakiweka kwenye jino la pili. Kisha akanitazama mdomoni.

"Panya wetu ana pengo la mbele," alisema. "Na ni mtanashati, mwenye akili nyingi."

Mama yake alicheka mpaka akashika mlango. Nikajaribu kueleza kwamba meno ya panya na ya binadamu, yakitazamwa kwa miwani ya fundi saa, hayana tofauti kubwa. Hakuna aliyenisikiliza. Vijiko alikuwa ameshaingia stoo.

Kwa hiyo mkiona kurasa hizi zinanata, mnisamehe. Beseni liko magotini pangu, muhula ndiyo kwanza umeanza, na koleo yangu imefichwa. Vijiko ameketi mbele yangu na kikombe chake cha chai isiyo na sukari, na kila mkono wangu unapoelekea mdomoni, anakohoa.